Mrejesho: binti wa darasa la pili na hesabu za kukopa

Wadau, habari zenu. Niliwauliza kuhusu binti yangu wa darasa la pili anayekwama kwenye kutoa kwa kukopa, na upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) unakuja.

Aliyeshauri njiti za kiberiti, ubarikiwe sana. Tulizifunga mafungu ya kumikumi kwa rababendi. Kwenye 42 kutoa 17 akafungua fungu moja mwenyewe, mamoja yakawa 12, akaondoa saba, zikabaki tano. Akaondoa na fungu moja, yakabaki mawili. "Mama, 25!" Mwalimu naye kaipenda, ila kwa darasa lilivyofurika, njiti atagawa ngapi?

Kusoma bado, "ng'ombe" na "ngoma" anavichanganya. Tuisheni nimesitisha kwanza. Jioni ananisomea huku napika.