Arch na vault vinatofautianaje? Naombeni msaada wakuu

Habari wakuu. Najiandaa kwa usaili wa kutembeza wageni kule magofu ya Kilwa Kisiwani, sasa vipeperushi vya Kiingereza nilivyonavyo huku vinasema arch huku vault na vyote vinahusu Msikiti Mkuu, nikiangalia kamusi vault naambiwa ni chumba cha hela benki. Mgeni akiniuliza nimwonyeshe kipi?

fundi_chokaa: Mkuu arch ni tao. Lile pindo la mawe juu ya mlango, au kati ya nguzo na nguzo, unapita chini yake na ukuta unaendelea juu. Vault ni dari. Chukua tao livute kwenda nyuma mpaka lifunike chumba kizima, umepata vault, ndani inaonekana kama nusu pipa. Yote mawili yanajengwa juu ya mbao na mirunda, chokaa ikishika ndo unatoa, na yote yanasukuma kuta kwa pembeni ila vault inasukuma urefu wote wa ukuta ndo maana kuta zake lazima ziwe nene.

Binti Mgao: Na ya benki usiiogope, zamani vyumba vya chini vya kuhifadhia mali vilijengwa na dari hizo hizo za mawe, jina likabaki.

mzee_wa_ramani: Hapo hapo msikitini kuna vyote. Ile sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ilikuwa na paa bapa, usimwambie mgeni kulikuwa na vault pale. Upande wa kusini ndo kuna matao yamebeba kuba na hizo dari za pipa, mawe ya matumbawe na chokaa tupu. Kuba nayo ni dome, usichanganye.

muuliza swali: Asanteni sana! Kwa hiyo kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua 2019, kilichotobolewa na ule mnara ulioanguka ni vault?

fundi_chokaa: Ndiyo, dari la mawe lilitoboka ila sehemu kubwa ilisimama ikazuia moto usimwagike wote chini. Na ile mikono ya mawe iliyoegemea kuta kwa nje, hiyo ni nusu arch, kazi yake kupokea msukumo wa vault. Usaili wakikuuliza anzia hapo hapo kwenye msukumo mkuu, wataona umeelewa.