Kobe chui mdogo ndani ya nyumba, Leeds: nijenge boksi la namna gani?

KijanaWaPangani
Wakuu, salaam. Nina kobe chui (Stigmochelys pardalis) aliyezalishwa huku huku Uingereza, urefu sentimita 11, uzito gramu 290. Amekuja na seti ya duka: tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30, glopu moja ya UVB (mionzi kama ile ya jua) ya kujisokota iliyo juu ya wavu, mkeka wa joto chini, na chembe za mbao za kutandika.

Ninachokiona: anatembea kando ya kioo kutwa, akisukuma pembe kwa kichwa. Magamba ya mgongoni yameanza kuinuka katikati. Asubuhi macho yamevimba kidogo. Unyevu ni asilimia 35, na chumba hushuka hadi nyuzi 16 usiku. Ukutani nina nafasi ya sentimita 125 na niko tayari kujenga mwenyewe. Naomba vipimo kamili.

MzeeWaMagamba
Karibu kijana. Hilo tangi liondoe kabisa, usihangaike kulirekebisha. Kobe haelewi kioo: anaona upande wa pili, anaamini kuna njia, basi anasukuma mpaka achoke. Halafu sentimita 60 hazitoshi kuwa na upande wa joto na upande wa baridi. Ukiwasha taa, tangi zima linapata joto moja naye hana pa kukimbilia.

Jenga boksi lililofungwa juu. Meza ya wazi inawafaa kobe wa Mediterania waliokwisha kukua, lakini kwa huyu unyevu na joto la usiku vyote vitapotelea chumbani, na hita za nyumba za huko zinakausha hewa sana wakati wa baridi.

Bao moja la plaiwudi la milimita 18, lile la sentimita 244 kwa 122, linatosha kwa yote isipokuwa mbao mbili za mbele. Lipasue kwa urefu upate vipande viwili vyenye upana wa 60. Cha kwanza kikate 120 na 120: sakafu na dari. Cha pili kikate 120, 60 na 60: ubao wa nyuma na mbavu mbili. Mbavu zipunguze upana sentimita 1.8 ili zikae mbele ya ubao wa nyuma bila kuchomoza. Masalio yanatosha kufidia kile kinacholiwa na msumeno. Mbele weka ubao wa sentimita 20 chini, wa sentimita 8 juu wa kuficha taa, na katikati milango miwili ya akriliki (plastiki angavu) ya milimita 4 inayoteleza kwenye reli za plastiki. Ule ubao wa chini usiuruke, maana ndio unaomzuia asione nje na kuanza tena kusukuma.

Toboa matundu mawili ya sentimita 5: moja chini upande wa baridi, jingine juu upande wa joto, ili hewa ijivute yenyewe. Viungo vyote vya ndani vizibe kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, kisha upake vanishi ya maji mikono mitatu. Acha boksi wazi mpaka harufu iishe kabisa, kwa kawaida wiki nzima. Sakafuni tandika mpira wa kutengenezea mabwawa ya bustani, uupandishe ukutani sentimita 15. Plaiwudi isiyo na mpira huo inavimba na kuachana tabaka.

Udongo peke yake utapita kilo 50, kwa hiyo usiliweke boksi juu ya meza ya kawaida. Tena jua kwamba boksi hili ni la muda. Kobe chui mkubwa anaweza kupita sentimita 40, na huyo anahitaji chumba kizima au banda la bustani lenye joto. Anza kulipigia hesabu sasa.

FundiWaya
Mzee kamaliza mbao, mimi niseme umeme.

Mkeka wa joto utoe leo. Porini joto linamjia kobe kutoka juu, na gamba la tumbo halimshtui upesi anapoungua. Glopu ya kujisokota nayo itoe: mwanga wake hautandazi, na wavu unakula sehemu kubwa ya UVB. Kioo na akriliki ya kawaida ndiyo kabisa, hivyo jua la dirishani halihesabiki. Bila UVB ngozi haitengenezi vitamini D3, kalsiamu ya chakula haifyonzwi, na gamba na taya zinalainika.

Nunua tyubu nyembamba ya UVB, aina ya T5, ya asilimia 12, wati 24, urefu wa sentimita 55, yenye bati la kuakisi nyuma. Ifunge darini, ndani ya boksi, upande wa joto tu, ili nusu nyingine ibaki na kivuli. Piga hesabu ya kimo: boksi 60, toa udongo 10, toa mgongo wa kobe 7, toa tyubu na kishikio 5, inabaki 38. Hapo ndipo tunapotaka, fahirisi ya UV kama 3 hadi 4 mgongoni. Ukiweza kuazima mita ya UV, pima, kwa sababu tyubu hazilingani. Ibadilishe baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka; jicho halioni UVB ikipungua.

Kando ya tyubu, upande ule ule, weka halojeni ya wati 75 yenye mwanga mpana, na dima (swichi ya kupunguza mwanga). Zote mbili ziangaze sehemu moja, maana kobe akifuata joto anapaswa kupata UVB papo hapo. Chini yake weka jiwe pana la bapa; linashika joto na linapunguza kucha. Juu ya jiwe tafuta nyuzi 32 hadi 35, upande wa baridi 26 hadi 27. Taa ziwake saa 1 asubuhi, zizimwe saa 1 jioni. Glopu nyekundu za usiku usinunue, zinavuruga usingizi wake.

Usiku tumia kauri ya joto ya wati 100, isiyotoa mwanga, kwenye thamostati (kidhibiti joto) ya mapigo. Kishikio kiwe cha kauri, cha plastiki kitayeyuka. Ining'inize kwa mnyororo uliofungwa kwenye skrubu ya darini, yenye kofia ya bati na kizuizi cha waya. Vibanio vya kubana vinaachia, na taa ya joto ikidondoka kwenye makumbi makavu huo ni moto. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upandishwe, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye plagi.

Shangazi_Koku
Kijana, hizo nundu zinatokana zaidi na hewa kavu. Mwaka 2003 Wiesner na Iben wa Vienna walichapisha jaribio la kobe wachanga wa Geochelone sulcata, spishi nyingine ya Afrika: waliokaa kwenye hewa kavu waliota nundu kubwa kuliko waliokaa kwenye unyevu mwingi, na protini ya chakula ilichangia kidogo tu. Kilichokwisha kuinuka hakishuki. Gamba jipya ndilo litakaloota laini ukirekebisha sasa.

Tandiko: mifuko 2 ya lita 25 ya udongo wa juu usio na mbolea, pamoja na matofali 3 ya kokopiti, yale ya gramu 650 yanayotengenezwa kwa makumbi ya nazi. Ukiloweka, tofali moja linatoa lita 8 hivi. Utapata kina cha sentimita 10. Chembe za mbao zitupe. Zinanyonya maji yote na vumbi lake linaingia machoni.

Kosa la wengi ni kunyunyizia juu asubuhi na jioni. Juu panakuwa tope, gamba la tumbo linaoza, huku chini kukavu. Mimina maji polepole kwenye pembe nne, kama lita moja, yashuke chini kabisa na kupanda yenyewe. Shika konzi ya udongo wa chini uikamue: ibaki donge bila kudondosha tone. Juu pakiguswa pawe pakavu. Unyevu wa hewa utakaa asilimia 70 hadi 80.

Na lishike hili kuliko yote: unyevu ukikutana na baridi ni ugonjwa wa mapafu. Boksi lenye unyevu huo lisishuke chini ya nyuzi 24 usiku. Ukiona mapovu puani, au anapumua mdomo wazi na shingo imenyooshwa, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia siku hiyo hiyo. Macho nayo, yakibaki yamevimba wiki moja baada ya kubadili taa na tandiko, mpeleke. Usitie dawa ya macho ya dukani.

Maji ya kunywa weka kwenye kisahani cha chungu cha maua, kina kisipite kidevu chake. Kila siku muogeshe dakika 15 hadi 20 katika beseni lisiloonyesha nje, maji ya vuguvugu ya nyuzi 30 hivi, yafike pale gamba la juu linapoungana na la chini. Beseni hilo lisiingie sinki la jikoni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni. Kobe mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Chakula: huyu ni mla nyasi. Nyasi mbichi zikatwe fupi kwa mkasi, na dandelioni, magugu ya Plantago, majani ya mforosadi na haibiskasi. Ugali, mkate na matunda hapana. Weka gamba la ngisi alitafune kwa kalsiamu.

Mnyaturu_Singida
Mimi niko Singida na kobe kama hawa tunawaona barabarani mvua zikinyesha. Nikimwokota mmoja naweza kumjengea boksi hilo?

MzeeWaMagamba
Hapana ndugu, mwache aendelee na safari yake. Ukimkuta katikati ya lami, msogeze ng'ambo, upande alikokuwa anaelekea. Kwa sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 huwezi kumchukua mnyama wa porini bila kibali, na huko Kenya kuna ya mwaka 2013. Kobe wa mawe wa miambani, Malacochersus tornieri, hali yake ni mbaya zaidi: tangu 2019 yuko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa sababu ya kuokotwa huko huko.

KijanaWaPangani
Asanteni sana, shikamoo Mzee na Shangazi. Boksi limesimama, nimeliwasha kwanza likiwa tupu. Jiwe chini ya taa ni nyuzi 41, upande wa baridi 27, usiku 23, unyevu 88, na matone yanatiririka kwenye akriliki. Sensa ya thamostati nimeilaza kwenye udongo. Nimuweke?

FundiWaya
Usimuweke bado. Sensa itoe udongoni. Udongo wenye maji unabaki wa baridi kuliko hewa, na kobe akiifukia zaidi thamostati itadhani kuna baridi na kuwasha kauri bila kukoma. Akiivuta ikatoka nje ya boksi, matokeo ni yale yale. Ibane ukutani kwa vishikio vya waya, katikati ya boksi, sentimita 8 juu ya udongo, isimulikwe moja kwa moja na halojeni wala kauri. Kisha weka 26, uone usiku unakaa wapi.

Jiwe la 41 ni la kumuunguza. Punguza dima kidogo kidogo, ukisubiri saa nzima kabla ya kupima tena kwa kipimajoto cha mionzi, kile cha kuelekeza. Ukifika mwisho wa dima na bado ni juu ya 35, badili uweke wati 50.

Shangazi_Koku
Matone kwenye akriliki yasikutishe, akriliki ni ya baridi kwa sababu chumba ni cha baridi. Asilimia 88 inavumilika ikiwa joto lipo na uso wa udongo ni mkavu. Hakikisha tu yale matundu mawili hayajazibwa na ukuta, na usiongeze maji mpaka ishuke kwenye 75.

Vipimo vikitulia usiku na mchana, muingize asubuhi baada ya kuogeshwa, na mpe sehemu ya kujificha upande wa baridi: chungu kilicholazwa na kufukiwa nusu, ndani kimejaa kokopiti yenye unyevu. Siku za mwanzo atajifukia sana, mwache. Mpime kwa mizani ya jikoni ya gramu kila wiki, kabla ya kuoga na kula. Akipoteza uzito wiki mbili mfululizo, rudi hapa na vipimo vya joto vya saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 5 usiku.