Kipigo cha Rosa: wanafunzi wakisome au wafichwe?

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa
Ndugu zangu, juma lililopita katika kikao cha wazazi, baba mmoja alisimama akataka tuiondoe darasani riwaya ya Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi, kwa kuwa binti yake alisoma jinsi Zakaria anavyompiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, akakosa usingizi. Nilimkumbusha kwamba riwaya hii ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, kisha baadaye shule zikaja kuifundisha. Swali langu ni hili: mwandishi anayeuanika ukatili wa nyumbani anautangaza au anaushitaki? Mimi naona anaushitaki, maana kipigo kile hakimlindi Rosa na lolote. Kinamjaza woga tu, na siku anapotoka chini ya jicho la baba yake hana cha kujikinga nacho. Mimi mwenyewe nilichapwa sana utotoni wala sikuharibika, lakini hayo ni mengine.

Mama Wawili
Mwalimu, hayo si mengine, ndiyo yenyewe. Umetumia aya nzima kumshitaki Zakaria, halafu kwa sentensi moja ukamwachia huru aliyekuchapa wewe. Nani alikupima akakuta hukuharibika? Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu alitupanga mstari, mikono mbele, akaanza kutoka mwisho na ufito wa mpera. Nilikuwa katikati, nikawasikiliza wenzangu kumi na mmoja kabla zamu yangu haijafika, na ufito wenyewe ulipofika kwangu karibu nishukuru, kwa sababu kusubiri kulikuwa kumekwisha. Hiyo ndiyo hesabu pekee ya mwaka ule ambayo sijaisahau.

Mstaafu wa Chaki
Pole sana, dada, lakini usitutie walimu wote kapu moja. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinasema viboko visizidi vinne, zinampa mamlaka mkuu wa shule au yule aliyemteua kwa maandishi, na adhabu lazima iandikwe kitabuni. Mwalimu wako alikuwa mhuni, si mfano. Nimeshika chaki miaka thelathini, na wapo watu wazima wanaonisimamisha barabarani kunishukuru kwa fimbo zangu. Kuhusu vitabu, mnashangaa nini? Fasihi yetu tangu zamani ina damu. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, si alichomwa kisu na mtu wa nyumbani kwake?

Mama Wawili
Mzee wangu, wanaokushukuru ndio wanaokusimamisha. Wale wanaokuona kwa mbali wakavuka barabara, umewahesabu?

Mpwani wa Mombasa
Mnapenda kutusifu sisi Wakenya kwamba tuliondoa kiboko shuleni mwaka 2001. Ni kweli, kwenye karatasi. Mpwa wangu alirudi nyumbani muhula uliopita na michirizi miguuni, na alipoulizwa akasema ameanguka. Sikuumizwa na michirizi kama nilivyoumizwa na ule uongo, kwa sababu mtoto alikwisha jifunza kumlinda aliyempiga. Halafu mtu anataka kuniambia kwamba hatari iko kwenye riwaya.

Mjukuu wa Lamu
Shikamoo, Mzee Mstaafu. Ya fimbo nawaachia ninyi, ila Liyongo hakuuawa kwa kisu. Ilikuwa sindano ya shaba, akachomwa kitovuni akiwa usingizini, na huyo unayemwita mtu wa nyumbani kwake ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa na mfalme kuozwa binti yake. Ukitaja utenzi wa watu, utaje sawasawa. Sisi bibi alitusimulia habari hizi usiku, utambi wa taa umeshushwa, na hakuna mzazi aliyelalamika kwamba tutaota. Tena sindano haikunitisha sana. Kilichonitisha ni kinachofuata: Liyongo anainuka na jeraha lake, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti huku upinde ameuvuta, anafia hapohapo, na mji mzima unakaa na kiu ukiogopa maiti. Bibi akifika hapo alikuwa akinyamaza kitambo, nasi tukawa tunameza mate. Hakuna aliyetoka pale akitaka kuwa yule mtoto.

Mstaafu wa Chaki
Marahaba, mwanangu. Nilichokisema ni kwamba ilikuwa silaha yenye ncha. Huko kunisahihisha mbele za watu ndiko nako kunaonyesha kizazi kisichoguswa na fimbo.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa
Nimewasoma wote, na naona swali langu limeniponyoka. Basi niseme jambo ambalo sikuliandika mwanzoni. Yule baba alipomaliza kukilaani kitabu, hakukaa. Aliendelea kusema kwamba shule imelegea na kwamba tuwaongezee watoto fimbo. Ukumbi ulipiga makofi. Nami nilipiga. Kesho kipindi cha tatu tunafika kwenye ukurasa wa kipigo, na juu ya kabati la darasa lile kuna ufito ambao niliukata mwenyewe.

Mama Wawili
Uondoe kabla hawajaingia, mwalimu. Wanajua ulipo.

Mstaafu wa Chaki
Nimempigia simu ndugu yangu aliyeko Tanga. Naye anasema kisu.