Muuzaji kubandika jina lake kwenye gari uliyokwishailipia: ana haki hiyo?

Wa Jang'ombe
Assalamu alaykum. Juzi nimechukua gari yangu mpya, Toyota IST ya bluu, kwenye yadi moja hapa mjini. Nimelipa zote, sina deni la mtu. Nikaambiwa niiache kidogo ioshwe. Kurudi nakuta kioo cha nyuma kimeandikwa jina la yadi na namba mbili za simu kwa herufi nyekundu, kwenye buti wamegandisha kibao cha rangi ya fedha chenye jina hilo hilo, na fremu ya pleti nayo ina jina. Hakuna alieniuliza. Gazetini tangazo linalipiwa, redioni linalipiwa, mie kila siku natoka Jang'ombe mpaka Bububu nawatangazia bure. Jee, hii ni haki? Na nikitaka kuyatoa, rangi haiharibiki? Tujadili kwa hoja, matusi tuyaache.

Kipanga wa Fuoni
Wa alaykum salaam. IST mpya? Hizo zimeanza kutoka 2002, na zinazoshuka bandarini Malindi zimeshazunguka kwao Japani mpaka zimechoka. Sema mpya kwako.

Wa Jang'ombe
Hapa Unguja ikishuka melini ni mpya, kila mtu anajua. Kwani wewe unaendesha nini?

Kipanga wa Fuoni
Vespa. Lakini haina jina la mtu.

Nahodha Mkavu
Na hilo "Vespa" pale mbele ni jina la babu yako?

Mwalimu wa Ubungo
Samahani, mimi niko Bara, ila nafuatilia. Naomba kusahihisha jambo dogo kabla hatujaendelea. Si "gari yangu", ni "gari langu". Gari, magari. Ndugu zetu wa Zanzibar ndio tunaowategemea kwa Kiswahili fasaha, mkiteleza nyinyi sisi tufanyeje.

Bi Mkunazini
Leo nimeyaona. Mtu wa Ubungo anamfunza mtu wa Jang'ombe Kiswahili! Mie nna miaka 62, mamaangu kazaliwa Mkunazini na kafia Mkunazini, sijamsikia hata siku moja akisema "gari langu". Gari ya ng'ombe, gari ya punda, gari ya shamba. Hicho sanifu chenu kimetoka wapi kama si huku? Si walikaa Mombasa 1928 wakasema kichukuliwe Kiunguja?

Mwalimu wa Ubungo
Mama, shikamoo. Ni kweli kilichukuliwa Kiunguja, lakini kilichukuliwa kikasanifiwa. Ndiyo kazi ya ile kamati iliyoundwa 1930. Mzungumzaji anaweza kusema atakavyo nyumbani kwake, ila kwenye maandishi tunafuata ngeli.

Bi Mkunazini
Marahaba. Kwa hiyo mmekuja kuazima sufuria, mmeipiga rangi, leo mnatuambia tunapikia sufuria isiyokuwa yetu.

Kichwa Maji
Mnapigania "la" na "ya" wakati BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, walipotoa kamusi yao 2010 waliiita "Kamusi LA", na ile iliyotoka Dar inaitwa "Kamusi YA". Yaani Wazanzibari wana "la" pale penye "ya" yenu, na "ya" pale penye "la" yenu. Kuna mtu anatuchezea.

Bi Mkunazini
Hao BAKIZA nao wangelikuja kuniuliza kwanza.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Wakubwa wangu, nyie endeleeni na ngeli, mie nimjibu mwenye gari maana kazi hii naifanya kila wiki.

Kioo cha nyuma usikiguse na wembe. Ile mistari ya rangi ya udongo inayokwenda upande kwa upande si pambo, ni nyaya za kukausha ukungu. Ukiikata mmoja, sehemu hiyo haikauki tena, na utaijua thamani yake masika, mvua ya asubuhi, daladala iko nyuma yako na wewe huioni. Chukua drai ya nywele ya mkeo, pasha moto herufi moja moja, inua pembe kwa kucha, vuta taratibu ikiwa imelala. Usivute kwa juu, itakatika ikuachie gundi. Gundi iliyobaki paka mafuta ya kupikia, subiri, futa, halafu maji ya sabuni. Petroli hapana, na hasa usiisogeze kwenye rangi wala plastiki.

Kibao cha buti angalia kwanza kimewekwa vipi. Kama ni gundi ya pande mbili, pasha moto, halafu pitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake, uvute huku na huku kama unakata kwa msumeno. Bisibisi weka mbali. Kama wametoboa wakapiga ripiti, hapo ndipo una haki ya kukasirika kweli, kwa sababu kila tundu kwenye bati kwa hewa yetu hii ya chumvi ni mlango wa kutu. Kitoe haraka, matundu yazibwe yapigwe rangi. Fremu ni skrubu mbili tu, na ukiitoa umejiepushia maneno na askari, maana nyengine zinakula mpaka pembe ya namba.

Usingoje mwaka. Jua likishapausha rangi ya pembeni, chini ya kibao hubaki rangi ya asili, basi unatoa jina lakini kivuli chake kinasomeka.

Wa Jang'ombe
Ahsante sana fundi. Nimepapasa kwa ndani, hakuna tundu. Ila suala langu la haki bado halijajibiwa.

Mpiga Honi
Mbona stika za Kijapani hamzilalamikii? Ile ya mviringo ya kijani kwenye kioo cha nyuma, ile ndogo ya mraba juu ya kioo cha mbele ya ukaguzi wa kule, watu wanaziacha miaka. Wanaziacha makusudi ionekane gari imeshuka jana! Na ile ya mraba ina mwaka, ila ni mwaka wa mfalme wao. Ukiona 7 ujue ni Reiwa 7, yaani 2025. Sasa jina la Mjapani ni fahari, jina la Mswahili mwenzako ni dhulma?

Nahodha Mkavu
Spacio yangu mie mpaka leo nikiwasha kuna mwanamke anazungumza Kijapani. Fundi kaniambia ni kile kidude cha kulipia barabara za kwao, anataka kadi. Mke wangu wiki ya kwanza aliniuliza huyo nani. Na redio inaanzia 76 inaishia 90, nusu ya stesheni zetu siipati. Mwenzetu analalamikia stika.

Binti Wete
Jamani nataka niseme na mie. Mama zetu na bibi zetu wamevaa kanga zenye "K.H.E. Mali ya Abdulla" pembeni, jina la mfanyabiashara wa Mombasa, na wamezinunua kwa pesa zao. Hakuna aliekwenda dukani kusema nilipwe kwa kumtangaza Abdulla. Ikawa mpaka kanga isiyo na maneno hayo watu wanaitilia shaka. Nyinyi wanaume nanyi mnanunua jezi ya Arsenal kifuani imeandikwa Emirates, hilo ni tangazo la ndege mnalilipia wenyewe. Kwa hiyo jina la muuzaji kukaa kwenye bidhaa si jambo geni kwetu. Tatizo ni kuwa mwenye gari hakuulizwa, na kuuliza ni sekunde mbili.

Wa Jang'ombe
Sasa dada yangu mie nimevaa kanga?

Binti Wete
Nimesema mfano.

Wa Jang'ombe
Mfano wa kanga kwa mwanamme mwenye gari yake. Haya, Pemba mna mambo.

Binti Wete
Pemba imeingiaje? Hoja imekushinda unakimbilia kisiwa. Sisi huku gari ikishuka Mkoani tunaifuta vumbi tunaendesha, hatuitishi mkutano.

Kichwa Maji
Wapemba hujuana kwa vilemba, Waunguja hujuana kwa stika.

Maalim Mstaafu
Wanangu, tulizeni. Mali ikishalipwa imehama. Kuweka kitu chako juu ya mali ya mwenzio bila ya idhini yake haifai, kikiwa kidogo au kikubwa. Kama muuzaji anataka jina lake likae, aliseme kabla ya pesa kupokelewa, liwe sehemu ya makubaliano. Akinyamaza akabandika baadae, mwenye mali ana haki ya kukitoa, na gharama ya kukitoa ni ya aliekiweka.

Wa Jang'ombe
Allah akulipe kheri maalim. Na niwaambie kilichoniuma hasa, maana naona watu wanafikiri nina ubahili wa tangazo. Zile namba za simu. Jirani yangu kasimama nyuma ya gari, kapiga namba pale pale, kajifanya mteja: "Ile IST ya bluu iliyotoka jana mliiuza ngapi?" Akatajiwa! Nafika msikitini magharibi watu wananipa mkono, mabruk, milioni 13 si haba. Mitaa yote inajua. Shemeji kashakuja na mambo yake ya mkopo.

Mtu wa Yadi
Nilikuwa nasoma tu, lakini hapo nijibu. Sisi watu wa yadi hatutaji bei ya mteja. Na stika ni amana pia: nikikuuzia gari bovu, jina langu ndilo linalozunguka nalo mjini, kwa hiyo inanibana mie kuliko wewe. Na ndugu yetu asijifanye hakumbuki. Hiyo IST ilikuwa 13, akatoa 12 na laki sita, na hizo laki nne aliambiwa ni kwa ajili ya jina kukaa.

Kipanga wa Fuoni
Subiri kwanza. Hutaji bei ya mteja?

Mpiga Honi
Hahaha! Kataja kwenye sentensi ya tano.

Mtu wa Yadi
Nimesema kwa kujitetea.

Wa Jang'ombe
Kumbe ni wewe! Muogope Mungu. Niliambiwa na nani? Nilipunguziwa kwa sababu tairi mbili zilikuwa kipara na kioo cha pembeni kina ufa. Neno stika halikutajwa. Tena sasa umenimaliza kabisa, maana nyumbani nilitaja bei nyengine kwa sababu zangu.

Bi Mkunazini
Ulitaja ngapi?

Wa Jang'ombe
Bi, si hoja hiyo.

Bi Mkunazini
Nimekuuliza ulitaja ngapi.

Wa Jang'ombe
10.

Bi Mkunazini
Basi ndio maana! Mtu katuweka hapa siku mbili na haki na dhulma na matangazo ya redio, kumbe anamuogopa mkewe. Na hiyo drai ya nywele utaiomba vipi?

Nahodha Mkavu
Bi, wanaume wote tunapunguza. Na wanawake mnapunguza bei ya gauni. Ni amani ya nyumba.

Binti Wete
Gauni la elfu 80 kusemwa 50 si sawa na milioni mbili na laki sita kupotea hewani.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Kama drai ni tatizo, hata jua la saa saba linatosha. Iegeshe kioo kikielekea jua, ngoja nusu saa.

Mwalimu wa Ubungo
Kwa mtazamo wangu suala lingekwisha kama mkataba wa mauzo ungekuwa wa maandishi. Aliyenunua gari hili angeandikiwa kwamba gari lake litawekwa

Bi Mkunazini
Mwalimu, lala.

Mtu wa Yadi
Mie sitaki ugomvi. Aje yadi nimtolee bure. Ila laki nne arudishe.

Maalim Mstaafu
Hapo umekosea tena. Bei mliyopeana mikono ndiyo bei. Una shahidi wa hilo sharti?

Mtu wa Yadi
Kijana wangu alikuwepo.

Kipanga wa Fuoni
Kijana wako ndie aliekuwa anaosha gari.

Wa Jang'ombe
Wazee, taarifa. Nimemaliza kazi leo baada ya alasiri. Kioo kimetoka safi kwa jua, mafuta ya kupikia nimetumia ya kwangu niliyonunua dukani, sikuomba kitu nyumbani. Kibao kimetoka kwa mshipi, dakika kumi, rangi haikuguswa. Fundi, Mungu akuzidishie. Isipokuwa chini ya kile kibao nimekuta kivuli cha kibao chengine. Maandishi ya Kijapani, yameingia kwenye rangi kabisa, polishi haitoi. Anaejua kuyasoma aniambie.

Mpiga Honi
Itakuwa yadi ya kule. Na mwenyewe wa kwanza nae hakuulizwa.

Kipanga wa Fuoni
Mpya!

Kichwa Maji
Samahani, nimechelewa, nimesoma haraka haraka. Hiyo yadi inayopunguza laki nne, kuna mtu ana namba zao? Natafuta Noah.

Wa Jang'ombe
Zipo kwenye fremu ya pleti. Fremu sijaitoa, skrubu moja imegoma. Ngoja nikusomee.