Naomba ushauri: kunasa wimbi la mshtuko la Jua tukiwa Uyole

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia hapa Uyole, Mbeya. Mimi na vijana wangu wa kidato cha tano tumetundika antena ya waya wa shaba, mita 7, kwenye mianzi miwili nyuma ya shamba la viazi. Tunasikiliza mawimbi ya redio ya Jua kwenye megahezi 20.1. Juzi saa sita mchana ikaja shhhh, kama mvua inayokaribia juu ya bati, sekunde chache tu, ikatulia. Vijana walishangilia!

Nadhani ulikuwa mlipuko wa redio wa Jua wa aina ya tatu, ule wa elektroni zinazochomoka kwenye Jua kwa kasi kubwa mno. Ila tunachokitamani ni aina ya pili, inayozaliwa na wimbi la mshtuko likipasua korona, yaani anga ya nje ya Jua. Hiyo huteremka taratibu, kwa dakika kadhaa, kutoka masafa ya juu kwenda ya chini, kwa sababu kadiri wimbi linavyopanda ndivyo linavyokutana na plazma (gesi yenye chaji za umeme) nyepesi zaidi, ambayo hutoa masafa ya chini zaidi. Ukiupima mteremko huo, unakadiria kasi ya wimbi lenyewe, mara nyingi zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde.

Redio yetu ya masafa mamoja haiwezi kuuonyesha. Kuna aliyetumia kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kikafagia megahezi 25 hadi 80, chini ya stesheni za FM? Halafu jirani yetu fundi wa kuchomelea akiwasha mashine, hatusikii kitu. Tuhamishie antena kule juu Isyonje, au ipo njia nyingine? Oktoba Jua litapita utosini kwetu, natamani tuwe tayari.