Dar hadi Mbeya kwa baiskeli: tupeane uzoefu

Gurudumu28: Wakuu, kiangazi ndiyo hiki na watu wanaanza kufunga mizigo. Kilomita zaidi ya 800 hizo. Tuweke hapa vitu vya msingi, naanza na pancha. Adui mkubwa wa barabara ile si misumari, ni nyaya nyembamba za tairi za malori zilizopasuka. Unaziba tyubu, kilomita mbili tena chini, kwa sababu uzi bado umo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kikinasa, hapo ndipo penyewe. Halafu piga tyubu msasa, paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba, subiri dakika tano ikauke ndipo ubandike kiraka.

MamaSpoki: Kweli tupu. Na spoki zinakatika gurudumu la nyuma upande wa cheni, ndiko uzito uliko. Beba nne za urefu wake pamoja na kifungulio cha frivili (gia za nyuma zinazoshika cheni), bila hicho huzibadili. Ikikatika porini, legeza nusu mzunguko zile mbili jirani za upande wa pili, rimu iache kugusa breki.

Ruaha_Mbuyuni: Mikumi je? Ni kama kilomita 50 ndani ya hifadhi. Panda pikapu kuanzia Doma, kijiji cha kabla ya hifadhi.

Gurudumu28: Hapana mkuu, saa nne asubuhi hadi saa tisa panapitika.

Ruaha_Mbuyuni: Tembo hana saa. Ukipata pancha katikati utabandika kiraka huku simba wanakutazama? Usiwadanganye vijana.

MamaSpoki: Naunga mkono pikapu.

Kitonga_Juu: Mnagombania simba wakati Kitonga, ule mlima mkali wa kona kabla ya Iringa, ndiyo inaumiza watu. Kwenda Mbeya ni kupanda, unashuka kwenye baiskeli unaikokota, basi. Hatari ni kurudi. Ukibana breki muda wote rimu inachemka, solusheni inalainika, kiraka kinaachia au tyubu inapasuka. Ikipasuka ya mbele kwenye kona, huna tena usukani. Kwa hiyo: raba mpya za breki Iringa, kabla hujafika Ilula. Bana kwa nguvu sekunde chache, achia, badilisha mbele na nyuma. Kaa wima upepo ukuzuie. Simama njiani, dondoshea rimu tone la maji, likichemka, subiri. Na semi-trela inayopanda huchukua upande wako kwenye kona, usiikate kona kwa ndani.

Gurudumu28: Hili la tone la maji liwekwe juu kabisa.

Chimala88: Breki za fimbo za chuma je, za baiskeli za Phoenix?

Kitonga_Juu: Hizo shuka kwa miguu, kaka.

MamaSpoki: Maji ya kunywa njiani: lita moja safi, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza.

Chimala88: Na sweta. Makambako mwezi wa saba upepo unakata vidole, breki utashindwa kuibana.