Mzee anapigiwa na "afisa kutoka Mtumba", tumweleweshe vipi?

Binti wa Mpunguzi:
Wakuu, shikamooni wakubwa. Baba yangu analima zabibu na alizeti huku Mpunguzi. Juzi kapigiwa na mtu anayejiita afisa wa wizara ya kilimo, eti yuko Mtumba, ule mji wa serikali hapa Dodoma. Anamtaja majina yake yote matatu. Anadai mfumo wa ruzuku ya mbolea umemkataa, atume elfu thelathini na tano kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nyuma unasikia kabisa mtu anasema, "Mheshimiwa, faili hili hapa." Mama kamnyang'anya simu akakata. Sasa mzee kanuna, eti tumemkosesha mbolea. Nao wanaendelea kupiga, kila mara namba nyingine. Nimwambieje bila kumdhalilisha?

Wakala wa Majengo:
Pole dada. Hawa nawajua kupitia wateja wanaokuja kwangu kutuma pesa kwa simu. Mtu anafika kibandani simu iko sikioni, hakati. Ukimuuliza, "Mama, unamtumia nani?" anakuonyesha kwa mkono unyamaze, maana kaambiwa wakala asijue.

Malipo ya serikali yana kontrol namba, yaani namba maalumu ya kulipia, tarakimu 12, inaanza na 99. Tapeli anakupa namba ya simu, ukiiweka linatokea jina la mtu binafsi. Ukishtuka anakwambia huyo ndiye mhasibu wetu!

Halafu sisi wa Dodoma tuna ugonjwa wetu. Tangu serikali ihamie huku, kila mtu ana jirani anayefanya kazi Mtumba, kwa hiyo likitajwa tu tunalegea. Mimi nawaambia wateja wamjibu hivi: "Sawa mwanangu, niko karibu, nakuja hapo ofisini sasa hivi. Jengo gani?" Utaona nani anakata simu.

Mkulima Kibaigwa:
Usibishane na mzee. Usajili wa ruzuku unafanyika kwa mtendaji wa kijiji na ni bure. Mpeleke, aangalie jina lake kwa macho yake. Akiliona, hasira itaisha yenyewe, na wala hutahitaji kutamka neno tapeli.

Fundi Simu:
Kuhusu majina matatu, hakuna uchawi. Mtu akijifanya anakutumia hela, jina lako linatokea kabla hajathibitisha. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakuomba namba iliyokutumia. Na piga *106# kwenye simu ya mzee uone laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yake, yaani kitambulisho chake cha taifa. Ukikuta asiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika wakaifute. Ila nenda naye, wanataka alama ya kidole.

Binti wa Mpunguzi:
Asanteni sana. Mzee kakubali kwenda kwa mtendaji kesho asubuhi. Ila ametoa sharti: jina lisipokuwepo, mbolea ananunua mama.